Kifungo

Swansea hadi London, treni ya saa kumi na moja alfajiri.
Mererid amefika na koti lisilo na kifungo cha juu,
mkono mmoja ameubana kooni
kama anayezuia neno lisitoke.

Mimi kazi yangu ni mlango.
Naufungua, naufunga, nasema "Simameni,"
na majaji watatu wanaingia na glasi zao za maji.

Humu ndani mtoto hana jina.
Ni herufi, W,
kama alama anayotia dobi kwenye ukosi
asije akachanganya mashati ya watu.
Ni sheria, na ni sheria nzuri,
lakini kila ilipotajwa nilimwona Mererid
akigeuza shingo, kama aliyeitiwa mtoto wa jirani.

Wala hawakuja kusikiliza upya.
Hakuna shahidi, hakuna chozi lililoitwa kizimbani.
Karatasi tu: kurasa mia mbili na nne,
zenye vibandiko vya manjano.
Jaji Hathersage aliliweka wazi mapema:
"Hatuulizi sisi tungempa miaka mingapi.
Tunauliza kama jaji wa mahakama ya chini
alitoka nje ya uwanja."
Uwanja. Nikafikiria chaki,
mpira uliogusa mstari,
na mtu mzima akiinama kupima kwa kidole.

Prothero yuko kwenye skrini, kutoka gerezani,
sweta ya kijivu, nyuma yake ukuta na saa iliyosimama.
Alifundisha watoto kuogelea miaka ishirini na miwili.
Zililetwa barua kumi na saba za kumsifu,
na kwa barua hizo jaji wa kwanza
alimpunguzia miaka mitatu.
Jina jema hung'aa gizani, walisema wahenga.
Hawakusema ni nani aliyezima taa.

Ndipo jaji wa kushoto, mdogo kuliko wenzake,
ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti,
akavua miwani.
"Wakili, jina jema hilo,
si ndilo lililompa ufunguo?"

Wakili akafunua karatasi. Akafunua nyingine.
Mtu akakohoa. Bomba la joto likagonga ukutani mara mbili.

Sita ikawa tisa.
Dakika arobaini, pamoja na kusoma.

Nje, kwenye ukumbi wa mawe,
Mererid akahesabu kwa vidole:
theluthi mbili ya sita, nne;
theluthi mbili ya tisa, sita.
"Akitoka huyu, wangu atakuwa na kumi na saba.
Sio kumi na tano."
Vidole vikabaki hewani, havijui pa kwenda.
Halafu akaniuliza mimi, mtu wa mlango:
"Ni mingi?"

Lipo swali ambalo hata majaji watatu hawaliketii.
Nikavuta droo. Nina sindano humo, na uzi mweusi,
kwa majoho ya mawakili yanayochanika dakika ya mwisho,
na kopo la vifungo vya kuokota,
hakuna viwili vinavyofanana.
Akachagua cha buluu.
Kikubwa mno kwa tundu la koti lile.
Nikamwambia hakitapita.

"Shona tu," akasema.