Mapazia ya Baraza, Yuma

Mwezi wa saba, Yuma, jua haliombi ruhusa.
Saa mbili asubuhi limekwisha kupanda ngazi tatu za baraza
na kujitandaza pale pale anapolala Chuy
baada ya kupakia matikiti usiku kucha.

Kiyoyozi kilikufa mwezi wa tano. Fundi alitaja bei,
nikamshukuru, nikamsindikiza mlangoni.
Tangu siku hiyo kitanda cha kukunja kiko nje, na feni,
na mume wangu amejifunika uso kwa fulana.

Dukani, pazia la nje, moja tu: dola sitini na tisa.
Nililishika. Niliisoma lebo kama mtu mwenye nia.
Kisha nikapinda kona hadi kwenye rangi na brashi,
ambako rafu ya chini kabisa wameweka
vitambaa vya kuzuia matone sakafuni,
vizito, rangi ya unga usiochekechwa, dola kumi na mbili.
Nikabeba vitano.
"Mnapaka nyumba nzima?" aliuliza kijana wa kaunta.
Nikamwambia ndiyo.

Nilivifua mara mbili kwa maji ya moto
viache kunuka gunia. Kimoja kilirudi kimepungua
vidole vinne. Sikuligundua hilo
mpaka nilipokwisha kutundika.

Bi Ardith, mwenye kiwanja, hataki tundu ukutani,
mkataba umelisema hilo kwa wino mzito.
Basi Ramiro akaleta ndoo nne za achari kutoka jikoni kwa shule,
bado zinanuka siki, tukazijaza saruji,
tukasimamisha bomba katikati ya kila moja,
yeye ameshika, mimi nimefumba jicho moja:
kushoto. Kushoto kidogo. Umepitiliza.
"Mama, bomba limenyooka. Baraza ndilo limepinda."
Sikumjibu. Lilikuwa limepinda.

Pete ni za pazia la bafu.
Siku ya kwanza yalipendeza kweli,
hata mama mkwe, Doña Eulalia, ambaye hasifu kitu
isipokuwa amekipika mwenyewe, alinyamaza.

Jioni upepo ukaja na jangwa mfukoni.
Pazia la tatu likachomoka, likapanda juu ya paa,
likakaa huko kama paka aliyegombezwa.

Yalitaka uzito. Uzito nao unauzwa.
Nikafungua droo ya jikoni, ile ya betri zilizokwisha,
na chini kabisa, ndani ya soksi, nikazikuta funguo:
wa chumba cha nyuma ya duka la mikate, San Luis,
mbili za Somerton, ghorofani, palipovuja,
wa Calexico,
wa gari tuliloliuza Ramiro apate waya za meno,
na mmoja mdogo, wa shaba, usiojulikana na yeyote.
"Tulipaswa kuzirudisha," alisema Chuy.
Walibadilisha kufuli kabla hatujafika barabarani.

Cherehani ya Doña Eulalia huruka mshono kwenye pindo nene,
kwa hiyo nilishona kwa mkono, kwa uzi wa kuvulia samaki,
ufunguo mmoja kila shubiri mbili,
na pale funguo zilipokwisha, kokoto.

Leo mapazia yametulia.
Amelala kivulini, mdomo wazi, bila fulana usoni.
Kwenye lile fupi jua limepata upenyo,
mstari mwembamba, tayari uko kwenye vifundo vya miguu;
saa nne utafika magotini, nitasogeza kitanda.

Upepo ukija sasa, pindo linapeperuka kidogo
na funguo zinagonga bomba. Mara tatu, zinaacha.
Mara tatu tena.
Na yeye, macho yamefumba, usingizini kabisa,
anaitikia: karibu.