Mvumo, Barabara ya Kumi na Nne

Kadi ilikuja bila feni. Muuzaji wa Chuda
aliniapia ni nzima: ilitoka ndani ya seva,
huko ilikozoea kuletewa upepo mlangoni.
Nikaiwasha kuijaribu. Dakika mbili,
nyuzi tisini na moja, ikajizima,
ikaniachia harufu ya plastiki na shaka.

Basi upepo ukawa juu yangu.
Nikaenda kwa Semkiwa, Barabara ya Nane,
fundi asiyetoa risiti wala tabasamu,
akanipa feni mbili za seva, ndogo, nene,
mizunguko elfu kumi na tano kwa dakika.
"Usitie kidole," akasema. Nikatia kalamu.
Kalamu haipo.

Nikakata dumu la mafuta ya kula,
mdomo mwembamba kwenye kadi, mpana kwenye feni,
nyufa nikaziba kwa gundi ya mabomba,
nikafunga kwa mkonge. Tanga hii,
mkonge haukosi kazi: kwa nyuzi zake
nitazishusha nyuzi za joto.

Nikawasha.

Wallahi sijapata kusikia kitu kidogo
kikilalama kikubwa namna ile.
Pazia likaganda ukutani. Paka akahama.
Mama Shufaa akagonga ukuta kwa mchi:
"We Mbwana, umeleta kiwanda?"
Nikamjibu, hakusikia. Nikamjibu tena.
Nyuzi sitini na nne!
Nilitamani kumwambia mtu namba ile.

Lakini feni haiui joto, hulihamisha tu.
Februari ya hapa, hewa yenyewe mbichi, ina chumvi,
unalifukuza joto kwenye kadi
linakuja kukukalia shingoni.
Nilifanya kazi kifua wazi, taulo begani,
mashine ikipoa, mimi nikiiva.

Kazi yenyewe? Kanda.
Kanda kumi na moja za shangazi Mwanamkuu,
barua za sauti kwa mumewe, fundi wa reli, Tabora,
mwaka themanini na saba. Zimeota ukungu,
zinachakarisha kama maharage yakimwagwa kwenye sinia,
na shangazi yumo humo ndani, mbali, anazungumza.
Programu huchambua punje kwa punje,
hii sauti, huu mvumo,
kama achaguaye mchele.
Ndiyo, najua. Nafuta mvumo wa kanda
kwa mvumo unaotetemesha vikombe kabatini.

Usiku wa nne, saa nane, umeme ukakatika.
Feni zikashuka taratibu, kilio, mluzi, pumzi,
kimya.
Mtoto Shufaa akaamka akipiga yowe.
Kumbe siku zote nne alilalia kelele ile.
Mchi ukagonga ukuta: "Mbwana! Washa!"
Niwashe kwa nini, mama, kwa kuni?

Umeme ukarudi alfajiri. Kanda ya sita ikaisha.
Nikavaa visikizi. Shangazi, safi,
karibu kama mtu aliyekaa kitandani kwangu:
"Ngoja kidogo, baba Zaina, nizime hii feni,
usije ukasikiliza upepo ukaniacha mimi."
Ndara, hatua tatu. Swichi.

Alikwenda kuzima kitu
ambacho mashine ilishakifuta.

Nikarudi kwenye kanda chafu, nikatega sikio.
Lipo. Panga boi, bawa moja na kilema,
tak, tak, kila mzunguko,
na baada ya swichi linavyochelewa kusimama,
tak,
tak,
naye anangoja limalize ndipo aseme.

Sekunde zile arobaini nimezirudisha kama zilivyokuwa.
Zilizobaki, kadi iendelee.
Nyuzi sitini na sita. Shufaa amelala.