Madumu Mawili

Madumu mawili yamekaa sakafuni.
Moja limetoka Ipole, asali ya mtundu,
nyepesi, inateleza kidoleni kama siri ya mtoto.
La pili Lushinge kalileta kwa baiskeli:
asali nyeusi, nzito, ya mwisho wa msimu,
ina moshi ndani
na nyuki mmoja aliyekufa na hasira zake.

Naonja. Natema. Naonja tena.

Ya kwanza itachacha kwa siku mbili;
mtu hunywa wanzuki wake akicheka
na asubuhi akakumbuka alikoacha viatu.
Ya pili hutaka siku tano na blanketi juu ya pipa.
Huanza kwa utamu, halafu hukudai.

Mteja hakusema anataka ipi.
Alisema tu: ndoo sita, Jumamosi, za harusi.
Harusi ya nani, hakutaja,
kana kwamba Sikonge nzima haijui Mihambo anaoa,
na kwamba miaka tisa nilimpikia mimi.

Mkono ulikwenda wenyewe kwenye lile jeusi.
Nikautazama. Nikauambia: we mkono, rudi.
Watakaokunywa watauliza, "Nani kapika?"
Hawatauliza, "Nani kaachwa?"

Basi nimemimina ya mtundu,
maji ya uvuguvugu, chachu ya wiki jana.
Nimefunika.

Lile la Lushinge liko uvunguni.
Nyuki wake simtoi.
Siku tano, au mwaka.
Halina haraka,
nami sina mgeni.