Chumba cha Bi Asumini

Elfu kumi na tano kwa mwezi, miezi mitatu mkononi,
umeme wa kuchangia, choo cha kuchangia,
maji kila mtu na dumu lake.
Bi Asumini Likwata alisema yote hayo akichambua mchicha,
hakuniangalia mpaka niliposema nalipa leo.
Ndipo akauliza, "Una miaka mingapi, baba?"

Kumi na saba na miezi saba.
Sikujua kudanganya haraka.
Akarudi kwenye mchicha wake.
"Kaulize kwanza ofisini. Sitaki mgambo mlangoni kwangu."

Asubuhi ya Newala, ukungu wa Agosti
bado umekaa dirishani kama mgeni asiyeaga.
Afisa ustawi, mama mwenye miwani ya kamba,
alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo sijalizoea.
Nikamweleza: napulizia salfa mashamba ya watu,
nalipwa kwa mche, pampu mgongoni tangu Juni.
Nyumbani kuna baba wa kambo.
Hanipigi, hanitukani.
Ananipisha mlangoni kama mtu anavyopisha gari.

Akafungua kitabu chembamba, akasoma kwa kidole:
mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka kumi na minane.
"Mkataba wa chumba huuwezi bado.
Labda mzazi akusainie."

Nikacheka, Mungu anisamehe.
Mama, nikamwambia, mimi nilishatoka nyumbani
nikiwa na miaka tisa.
Nilikwenda likumbi, nikarudi na shuka mpya,
vigelegele vikanipokea tangu barabarani,
na mjomba Nalyambe akanishika bega,
akanionyesha mlango wa chumba cha mama:
"Huu, kuanzia leo, ni ukuta."
Nikajengewa kibanda uani, mlango wa bati,
kikivuja nahamisha mkeka, simwiti mtu.
Miaka yote hii naambiwa wewe mwanamume,
toa mchango wa msiba, kaa na wanaume,
leo kitabu kinaniita mtoto?

Hakucheka. Alivua miwani, ikaning'inia kifuani.
"Mjomba wako alihesabu kwa kisu.
Sheria inahesabu kwa kalenda.
Leta cheti cha kuzaliwa."

Cheti kilikuwa sandukuni,
chini ya vitenge, chini ya kadi ya kliniki,
chini ya stakabadhi za korosho za msimu ule
malipo ya pili yalipopotelea njiani.
Mama alikitoa kwa ncha za vidole.
Tarehe moja Januari, nikasoma.

"Uongo huo," akasema.
"Karani aliniuliza tarehe,
nikamwambia mikorosho ilikuwa inachanua.
Akasema maua si tarehe.
Akaandika mwaka mpya uliofuata, akagonga muhuri,
akaita mwingine."

Kisha, kana kwamba anaongea na sanduku:
"Nilikuwa nimebeba mfuko wa salfa.
Uchungu ulinikamata pale penye kichuguu.
Ulipotoka ulikuwa na unga wa manjano masikioni,
mkunga akauliza, huyu umemzaa au umempepeta?"

Nikatazama nje, mikorosho ya jirani,
vishada vya waridi vimejaa nyuki.
Nikahesabu kwa vidole, nikarudia.
Kwa karatasi, bado miezi mitano.
Kwa mama, nimefika:
labda wiki iliyopita,
labda juzi, nikiwa juu ya pampu, sikuona likipita.

Nikangoja aseme baki.
Jibu nilikuwa nalo, nimelifanyia mazoezi
usiku mwingi, chini ya bati,
jibu la mtu mzima, lenye "kwanza" na "pili".

Mama alifunga sanduku, akalikalia.
Akavuta upindo wa kanga, akaukunja, akaukunjua.
Akauliza kama chumba kina dirisha,
na kama lipo, linatazama wapi.

Sikuwa nimeangalia.