Jibu kwa Kifupi

Umeniandikia kutoka Urambo, Rusimbi:
"Michikichi inaendeleaje? Jibu kwa kifupi."
Mchikichi haujui kifupi.
Ule wa baba, wa karibu na choo,
umerefuka hata Kabwigwa akifika juu na kamba yake
tunamwona kama sisimizi kwenye ua,
na mkungu ukidondoka
kuku ndio wa kwanza kukimbia.

Nianze na kosa langu,
lisije likakufikia kwa mdomo wa shangazi.
Mwaka ule ulipoondoka
nilitaka shamba lionekane lina mwenyewe.
Nikampa Gwimo panga na chai ya maziwa,
akakata makuti mpaka yakabaki matatu matatu kichwani,
miti ikasimama kama kuruta walionyolewa jana.
Watu wakapita njia ya Simbo wakisifu.
Mwaka uliofuata ikatoa maua dume matupu.
Vumbi la njano, nyuki, harufu ya shamari
mpaka ndani ya shuka.
Mkungu? Hata wa kukaa kwenye ungo, hakuna.
Ukiunyang'anya mti majani yake
haukutukani.
Unakupa madume, unasubiri ujifunze.

Kisha majani ya chini yakawa rangi ya chungwa.
Shangazi akasema kuna mtu kafukia kitu.
Nikachimba.
Nikakuta mizizi, na njaa.
Mvua za mteremko ule zimeosha udongo miaka yote,
chumvi yake imeshuka Luiche,
imeshuka ziwani, wamekula dagaa.
Bwana shamba akaja na pikipiki isiyo na kioo,
akatamka magnesiamu kama mtu anayemwita binti yake,
akaniandikia kipimo kwenye kiganja kwa peni ya bluu.
Siku tatu sikuosha vyombo kwa mkono huo.

Sasa kila mti una sahani yake ya udongo
niliyoipalilia kwa jembe dogo, bila kugusa mizizi.
Mashada matupu, tukishakamua,
siyatupi tena barabarani.
Nayarudisha palepale yalipotoka,
yanaoza taratibu, yanaficha unyevu,
yanaficha na nyoka pia, kwa hiyo navaa mabuti yako.

Miche minne uliyonunua:
mmoja panya buku ameula hadi moyo.
Mmoja niliuzika shingo, ukaoza kutokea katikati;
kumbe mche hupandwa kama mtu anayeketi,
si kama maiti.
Miwili iliyobaki nimeivisha wavu wa kuku.
Asubuhi nikitoka kupiga mswaki naihesabu.
Miwili.
Kesho tena, miwili.

Unasema tuukate wa baba:
kokwa nene, nyama kiduchu,
mbegu za siku hizi zinazaa mapema na chini chini,
hata mtoto anafikia.
Ni kweli yote. Sina ubishi.
Lakini Jumanne Kabwigwa alikaa juu muda mrefu
mpaka nikaogopa kamba imemkwama.
Nikamwita. Kimya.
Nikamwita kwa jina la babake.
Ndipo akapiga kelele kutoka mbinguni:
"Mama Tulia! Jike! Kuna jike hapa,
limejibana kwapani, jekundu kama jicho la mlevi!"
Mkungu mmoja, Rusimbi, baada ya miaka miwili.
Ulimjaza Gwimo mgongo mzima.
Yeye yule wa panga. Nilimchagua makusudi.

Kwa hiyo usinitumie msumeno.
Tuma hela ya mfuko mmoja wa mbolea,
na ukiweza, miche miwili.

Dumu la lita tano lipo kwenye treni ya leo,
nimelifunga kwa kitenge cha zamani,
muulize yule mhudumu mwenye mwanya.
Huko kwenu usiku kuna baridi.
Ukikuta limeganda, usiseme dada kaharibu.
Lisogeze juani, kaa kando yake.
Mawese yakipata baridi hunyamaza tu.
Hayajafa.