Pembe ya Kutoka

Miaka ishirini na saba nimeiandika ubaoni
kwa chaki nyeupe, kwa mwandiko wa kulala:
pembe ya kuingia ni sawa na pembe ya kutoka.
Wakanakili. Wengine wakasahau kabla ya kengele.

Leo, baada ya laasiri, Wete, mtaa wa Jadida,
nyuma ya duka la vipuri vya vespa,
tufe jekundu limeingia kwa digrii arubaini
likatoka lilivyotaka lenyewe.
"Mwalimu," kasema Shaame Ngwali, bingwa wa pulu Pemba nzima mara mbili,
"ubao wako ule haukuwa na unyevu.
Ukingo huu umenyeshewa vuli tatu, umechoka.
Uulize kwanza, ndo upige."

Shaame huyu.
Namba thelathini na moja kwenye rejista,
dawati la nyuma, nusu mwili nje ya dirisha.
Nilimfuata siku moja mpaka kwenye meza hii hii
(wakati ule ilikuwa na miguu yote minne;
sasa mmoja ni tofali na kipande cha kanga),
nikamtoa kwa sikio mbele ya wachukuzi,
nikampa sita za bakora,
na kwenye ripoti yake ya mwisho, kwa wino mwekundu:
Hesabu, kumi na tisa. Anapoteza muda. Aongeze bidii.

Sasa namlipa elfu mbili kwa somo
na fimbo ananipa yeye.

Wiki ya kwanza sikugusa hata tufe moja.
Yeye huyaita gololi. Nilimsahihisha mara moja,
akanitazama, nikanyamaza.
"Zunguka meza." Nikazunguka.
"Umeona nini?"
Mstatili, nikamwambia, uwiano wa mbili kwa moja, matundu sita.
Alicheka hata akakaa chini.
"Meza imelalia bandarini, Mwalimu.
Kila kinachokwenda polepole hapa
huishia kule."

Wiki ya pili kidevu juu ya fimbo,
mgongo wangu wa miaka sitini na mbili
ukilia kama mlango wa stoo.
"Usiitazame unayoitia, hiyo ishakwenda zake.
Itazame nyeupe, itakwenda kulala wapi.
Na usipige kama unadai deni.
Piga kama unamwamsha mtoto wa mwenzio."
Nikatafuta kalamu mfukoni.
"Usiandike," akasema.

Nyumbani Mkasi ameviona vidole vyangu.
Miaka yote kafua kanzu za vumbi jeupe
bila neno;
buluu hii imemtia wasiwasi.
"Maalim, unapaka rangi nyumba ya nani?"
Nikamwambia ni ya chaki. Akasema chaki ya skuli gani hiyo,
nawe umestaafu tangu mwaka juzi.
Chakula kikaliwa kimya.

Lile la bakora Shaame hajalitaja.
Nangoja alitaje.
Kila akiinama kunirekebisha kiwiko
mkono wake mwepesi, mwepesi mno,
nami najikuta nahesabu moyoni:
moja, mbili, tatu,
sijapata kufika sita, kashaniachia.

Jana niliitia nyeusi.
Kwa kingo mbili, tundu la kona,
wala si kwa hesabu, mkono tu uliamka ukaenda.
Vijana wa bodaboda wakapiga makelele,
mmoja akanibusu upara.
Nyeupe haikusimama.
Ilikwenda polepole, kama mtu anayekwenda msalani usiku,
upande wa bandarini,
ikachungulia tundu,
ikaingia.

Kimya.
Shaame akachukua chaki, akaipulizia vumbi.
"Aongeze bidii," akasema,
si kwangu hasa, kama anayesoma kitu ukutani.
Kisha akatia mia tano yake mwenyewe,
na matufe yakaporomoka tumboni mwa meza
kama darasa lililosikia kengele.