Vaa, Vua

Somo naanzia mlangoni, si ubaoni.
Kumi na mmoja wanaingia na theluji mabegani,
na kabla hawajakaa nawauliza:
alfajiri mlivaa nini kwanza?
Soksi, anasema Tologon. Kisha kiatu cha manyoya.
Haya, vua.
Anaanza na soksi. Kiatu kimeing'ang'ania,
darasa linacheka, jiko la makaa ya mawe linakohoa.

Kiatu kwanza, mwanangu.
Cha mwisho kuingia ndicho cha kwanza kutoka.
Funga, fungua.
Kunja, kunjua. Pakia, pakua.
Barabara ya kwenda Naryn ndiyo hiyo ya kurudi,
ila upepo unakupiga shavu la pili.

Kisha nafungua kopo la kuruti,
maziwa mgando yaliyoanikwa kiangazi yakawa mawe madogo,
yenye chumvi, meupe kama meno ya mwanakondoo.
Nne hapa. Tatu pale.
Nazisukuma kwa viganja zikutane.
Ubaoni: 4 + 3 = 7.
Sasa nazitenga tatu, nazifunika kwa kofia ya Ermek.
Zimekwisha?
Hazijaisha, zimo kofiani!
7 − 3 = 4,
na chaki inavunjikia kwenye alama ya kutoa,
kama inavyovunjika hapo hapo kila mwaka.

Namba hizi tatu, nawaambia, ni watu wa hema moja.
Saba ndiye mama: kwenye kujumlisha hufika mwisho,
kwenye kutoa hutangulia.
Nne na tatu hubadilishana nafasi zuliani, wala hawagombani.
Ukimjua mama, ukamjua na mtoto mmoja,
yule aliyejificha hawezi kukupotea.

Bermet anainua mkono, mdomo umejaa.
Mwalimu, mezani mimi naona tatu.
Nahesabu. Kweli, tatu.
Shavu lake limevimba kama la panya aibaye ngano.
Basi na hilo tunaliandika:
4 − 1 = 3, Bermet amekula.
Na tukitaka nne irudi tufanyeje?
Nitapike, anasema,
na miaka yangu kumi na tisa ya ualimu haina jibu.

Ermek hacheki.
Daftarini, hakuna aliyemwambia, ameandika
5 − 1 = 4.
Nazijua namba hizo. Baba yake alipanda basi la Moscow
mwezi wa Machi, kwenda kubeba matofali ya watu,
na tangu hapo bakuli moja limelala kifudifudi rafuni.
Chini yake: 4 + 1 =
halafu hakuna kitu. Penseli imesimama.

Andika tano, namwambia. Ni njia ile ile, unairudi tu.
Anatikisa kichwa.
Oktoba mama alijifungua, mwalimu.
Baba akirudi hatutakuwa watano.

Ningemwambia kwamba hesabu hurudi nyumbani
na kuikuta nyumba ilivyoiacha,
watu sivyo.
Ningemwambia mizani haijui majina ya inachokipima.
Lakini ameshainama.
4 + 1 + 1 = 6.
Anaitazama kwa muda, anaigeuza kama mtu anayegeuza glavu:
6 − 1 = 5.
Hii ndiyo ya leo, anasema. Sisi ni sita.
Mmoja yumo kofiani.

Nageukia dirishani kuona kama theluji imepungua.
Haijapungua.

Kengele. Soksi, kiatu, koti, glavu,
Tologon anataja kila kitu kwa sauti ili asikosee.
Ermek anachukua kofia yake, anaikung'uta, anaondoka
akitembea upesi kama mwenye mgonjwa nyumbani, au mgeni.
Mezani, pale kofia ilipokuwa,
tatu kasoro moja.
Mtoto wa miezi miwili hana meno ya kuruti.
Simuulizi mtu.
Nafuta ubao, naacha mstari mmoja.